Waya wa Kijani Niliouchomoa

Mwanangu Mwanahawa,

Salamu sikuandikii, maana tuko nyumba moja, na hivi sasa nakusikia upande wa pili wa pazia ukikunja nguo. Mambo ya safari nayo nayaacha. Wanawake wa mtaa wamekwisha kukwambia pasipoti uiweke wapi, ukifika umpigie nani, na nguo gani nzito uchukue kwa ajili ya nyumba zenye viyoyozi. Hayo yametosha. Nimekaa na kalamu tangu magharibi kwa ajili ya neno moja ambalo mdomo wangu umeshindwa kulitoa kwa miaka saba, na kesho alfajiri gari linakuja kukuchukua kwenda Mombasa, upande ndege ya Uarabuni.

Neno lenyewe ni hili. Hukumuua mjomba wako Lali. Ile pedali ya gitaa uliyomtengenezea haikumuua. Nimemuua mimi, kwa mkono wangu, na nimekuacha uamini vingine tangu ulipokuwa na miaka kumi na sita.

Soma tena ukitaka. Mimi nimeiandika sentensi hiyo katika karatasi tatu na nimezichana zote.

Juzi ulipokuwa ukitoa vitu vyako rafuni uliniletea kile chuma chako cha kulehemu, umekifunga kwa kitambaa kama mtu anayerudisha sahani ya jirani. Nikakuuliza, "Hukichukui?" Ukacheka kile kicheko chako kisichofika machoni. "Nikakifanyie nini, Baba? Mimi huko naenda kupiga deki na kuogesha watoto wa watu. Tena afadhali niende mahali ambapo hakuna anayejua mikono hii imefanya nini." Ukakiacha mezani, ukaenda kukuna nazi. Nimesoma vitabu vingi katika maisha yangu, Mwanahawa, na vingine nimevisoma mpaka kurasa zikatoka. Sijapata kukutana na maneno yaliyonikata kama hayo.

Nataka kwanza uikumbuke kazi yako jinsi ilivyokuwa, kabla watu hawajaitukana.

Mjomba wako alikuja dukani kwangu akiwa na huzuni. Mpiga zumari wa mwisho aliyemjua kule Mambrui alikuwa amefariki, na wanawe walikuwa wakiuza simu. "Shemeji," akaniambia, "harusi bila zumari ni pilau bila nyama. Nataka gitaa langu lilie kwa pua." Mimi nikacheka. Wewe hukucheka. Ulikuwa umekaa kibaoni na hesabu zako za shule, ukainua kichwa.

"Mjomba, sauti ya pua ni sauti iliyokatwa kichwa na miguu. Mimi naweza kukukatia."

"Ukinikatia vizuri nitakutafutia mume mwenye pua ndefu."

"Mume kaa naye. Nitafutie transista mbili."

Hakukutafutia. Ulizing'oa mwenyewe kwenye redio iliyokufa. Ukapata kopo la biskuti la chuma lenye picha za maua, ukalitoboa kwa msumari na nyundo, ukatia tundu la waya wa kuingia na tundu la waya wa kutoka, kitufe cha kuzungusha, swichi ya kukanyaga kwa mguu na betri ya volti tisa. Nyaya za kurudi, yaani ule upande hasi wa kila kitu kilichomo, ulizikusanya zote mahali pamoja, kwenye mguu mmoja wa tundu, kama watu wanaokula sinia moja. Mimi miaka yote nilikuwa nikizirukisha, huu kwa ule, popote penye nafasi. Nilipokuuliza kwa nini unajisumbua, ulinijibu bila kuinua macho: "Zikila mbalimbali zitasengenyana, Baba."

Ulipoiwasha ikavuma. Mvumo mzito, wa chini, kama jeneta la jirani. Nikasema transista ni mbovu. Wewe ukaweka kidole juu ya kopo, mvumo ukakoma. Ukakiondoa, ukarudi. Ukaweka tena, ukatabasamu peke yako. Kisha ukachukua kisu, ukakwangua rangi ndani ya kopo pale nati inapokaza, mpaka chuma kikang'aa, ukaikaza upya. Kimya. Ile rangi ndiyo iliyokuwa imelitenga kopo na nyaya zake, nalo likabaki linakusanya kila takataka ya hewani badala ya kuikinga. Mimi, fundi wa miaka zaidi ya ishirini, sikuliona hilo. Mjomba wako alipoikanyaga kwa mara ya kwanza na gitaa likalia, alikaa chini sakafuni akajishika kichwa. Halafu akasema, "Huyu mtoto amefufua mtu."

Sasa nije kwangu.

Amplifaya ya mjomba wako ilikuwa imekaa dukani kwangu mwezi mmoja kabla ya ile harusi aliyofia. Soketi ya pale haikuwa na ethi, na nilipoligusa sanduku la amplifaya kwa mgongo wa mkono likanitekenya. Unaujua mtekenyo huo. Kila mtu wa Malindi anaujua. Hewa ya chumvi inaingia katika kila kitu, inakula shaba, inalowesha vilivyo vikavu, nasi tumezoea. Friji ikitekenya tunavaa ndara kabla ya kuifungua. Pasi ikitekenya tunaishika kwa leso. Mgeni akishtuka tunamcheka. Na mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa ni kujua maana ya mtekenyo, nilifanya vilevile: nikavaa ndara, nikamaliza kazi iliyoniletea ile amplifaya, nikamrudishia mwenyewe. Lakini ule ulikuwa ni umeme uliokuwa ukivuja kwenye transfoma iliyoanza kuoza. Kitu kimoja tu kilichokuwa kikiwakinga watu nao ni ethi, ule waya wa kijani na manjano ndani ya plagi, unaouchukua umeme uliopotea na kuupeleka ardhini.

Siku ya harusi ulikuwa jikoni na wanawake, kwa hiyo hukuyaona haya. Ilikuwa mchana. Ili tokeni za nyumba moja zisiishe katikati ya shughuli, tuligawa umeme kama tunavyogawa siku zote: amplifaya ya gitaa tukaichomeka nyumba ya bibi harusi, na maikrofoni na mashine yake ya sauti tukazichomeka nyumba ya mkabala. Uchochoro ulikuwa umenyunyizwa maji kutuliza vumbi, mikeka ikatandikwa juu yake. Mjomba wako akavua viatu, maana hakuwa mtu wa kukanyaga mkeka kwa viatu.

Tukaunganisha amplifaya na mashine ya sauti kwa waya mwembamba, ili gitaa lisikike katika spika kubwa. Hapo mvumo ukaanza. Nyumba mbili zina ethi mbili, na ukiziunganisha kwa waya wa sauti zinaanza kuzungushana umeme baina yao, na mzunguko huo ndio unaousikia. Wewe ungalijua la kufanya. Ungalihamisha plagi moja tu, vyombo vyote vikala nyumba moja, na lingalikwisha. Mimi nilikuwa na haraka na wanawake walikuwa wameshaanza kunicheka.

"Fundi, hilo lori la nani mbona halizimwi?"

"Mwacheni, anachemsha maharagwe."

Mjomba wako naye akaitikia: "Shemeji, ondoa nyuki hao kabla hawajamuuma bibi harusi!"

Nikaichomoa plagi ya amplifaya, nikaifungua kwa bisibisi yangu ya mfukoni, nikautoa waya wa kijani, nikauzungushia utepe mweusi, nikaifunga plagi na kuirudisha ukutani. Nje haikuwa na tofauti yoyote. Mvumo ukakatika. Wakapiga vigelegele, kwa mzaha, lakini vilikuwa vigelegele. Nilirudi kukaa nikiwa na furaha, Mwanahawa. Hilo pia nataka ulijue.

Alipiga nyimbo tatu. Katika wimbo wa tatu watu walijaa mkekani kucheza, na mmoja wao akaukanyaga ule waya mwembamba ukachomoka. Hakuna aliyegundua, kwa sababu amplifaya iliendelea kulia yenyewe. Tangu nilipotoa ethi, waya huo tu ndio uliokuwa umebaki kuliunganisha lile sanduku la chuma na ardhi. Kwa joto la mchana na kazi ile, transfoma ikaacha kuvuja, ikafunguka. Ethi ingalikuwapo, fyuzi ingalikatika, muziki ungalinyamaza, wanawake wangalinitukana, na sisi sote tungalikula pilau. Badala yake umeme ulibaki ndani ya chuma ukisubiri. Mjomba wako alikuwa ameshika nyuzi kwa mkono wa kushoto. Akanyoosha mkono wa kulia kuisogeza karibu na mdomo ile maikrofoni, ambayo chuma chake kilishikana na ardhi kupitia ethi ya nyumba ya mkabala.

Sitakuandikia aliyoyafanya baada ya hapo. Uliisikia sauti ukiwa jikoni, na mimi najua kwamba bado unaisikia.

Nisome sasa kama fundi, si kama binti yangu. Umeme ulitoka katika sanduku la amplifaya, ukafuata ganda la waya wa gitaa, ukapita katika kopo lako, ukafika kwenye nyuzi. Ulipita kwako kwa sababu kwako paliungwa vizuri. Gitaa lingalichomekwa moja kwa moja, bila kopo, ungalifika vilevile. Betri ya volti tisa haimwui hata mende. Kazi yako ilikuwa safi kuliko kitu chochote kilichokuwapo katika uchochoro ule.

Nilichofanya baadaye ndicho kibaya zaidi. Niliivuta plagi ukutani, na hilo lilikuwa sawa. Watu wakamzunguka, wengine wakimpepea, mmoja akimwita jina. Mimi nikaibeba amplifaya nikaiingiza stoo ya nyumba ya bibi harusi, nikafunga mlango kwa mguu, nikautoa ule utepe na kuurudisha waya wa kijani mahali pake. Wakati watu wakimtafuta pumzi, mimi nilikuwa nakaza skrubu.

Kesho yake wazee wakamleta fundi wa mtaa mwingine. Akaifungua plagi, akakuta nyaya tatu, kila mmoja mahali pake. Akajishika kidevu akifikiri, akageukia kopo la biskuti.

"Hiki kimetengenezwa na nani?"

"Binti yake fundi," mtu akajibu.

Akatikisa kichwa. Mpaka jioni watoto wa uchochoroni walikuwa wameshapata msemo wao: "Usimguse Mwanahawa, atakutia stimu." Nilikuwa barazani nikiwasikia. Niliwafukuza kwa fimbo, kana kwamba wao ndio walioanza.

Siku ya tatu, khitima ilipokwisha, ulinishika kanzu ukumbini. "Baba, ni mimi?"

Jibu lilikuwa maneno mawili tu. Lakini nilijua maneno hayo yana mkia, kwamba utauliza, basi ni nani? Nikakwambia, "Ni kudra ya Mungu, mwanangu. Usiulize." Hapa petu neno hilo likishatajwa mazungumzo yamefungwa, anayeendelea kuuliza anaonekana hana imani. Sikatai kudra, na sitaikataa hata nikifa. Lakini siku ile nilimtanguliza Mungu mbele yangu ili mtu asionekane aliyesimama nyuma. Ukaenda kuosha vikombe. Hukuniuliza tena, na mimi nikauita ukimya wako subira.

Utataka kujua kwa nini, na sababu ni ndogo kuliko unavyoidhania. Mimi nilizaliwa kisiwani, upande ule mwingine wa mpaka wa kaskazini, na vita vilipotufikia nilitoka na vitabu vinne na koleo. Nilikaa kambini mpaka nikasahau namna ya kulala chali. Aliyenitoa pale ni mjomba wako. Alinipa dada yake, mama yako Mungu amrehemu, wakati ambapo wenye mji walikuwa wakimwuliza, "Huyu mkimbizi ana kwao?" Akawajibu, "Kwao ni kwangu." Basi nilipomwona amelala pale mkekani, jambo la kwanza kunijia halikuwa huzuni. Naandika kweli. Huzuni ilikuja ya pili. La kwanza lilikuwa hofu: sasa watanifukuza. Aliyehamishwa mara moja haishi kusikiliza mlango. Nilikuwa na miaka hamsini na nne, na nilijiona tena na vitabu vyangu na koleo langu njiani. Nikachagua mahali pa kulala. Nikamlipa mwenye mji kwa kukutoa wewe.

Sikufikiri hivyo kwa maneno. Mtu hafikiri mambo kama hayo kwa maneno. Nilisema moyoni tu: mtoto atasahau, mtoto hukua.

Ulikua. Ulipoitwa chuo cha ufundi kule Kilifi, umeme na elektroniki, hukwenda. Ulisema kichwa kinakuuma ukiona waya umekatwa. Nikasema, "Kama hujisikii, basi." Ukaenda Gede ukauza vitambaa vya watu miaka mitano, na taa ikiungua chumbani kwako ulikuwa ukiniita mimi niibadilishe. Wewe! Nilikuwa nikipanda juu ya kiti, nikibadilisha taa, nikishuka, na katika kila kushuka kulikuwa na nafasi ya kusema. Sikusema. Uongo niliousema ulikuwa mmoja tu, ule wa ukumbini. Zilizobaki zote zilikuwa siku za kawaida.

Sasa umetia saini mkataba wa miaka miwili katika nyumba ya watu usiowajua. Kazi ya nyumba si aibu, mama yako aliifanya kabla sijamuoa. Lakini wewe huendi kwa sababu unaitaka. Unaikimbia mikono yako. Na ninavyoiandika barua hii naona wazi kwamba haikurudishii kitu. Chuo kimepita. Kaburi la mjomba wako liko palepale. Niliwahi kudhani kwamba ukweli ukitoka utakuwa kama mvumo unapokatika, ghafla pawe na nafasi ya kusikia. Umetoka, na sisikii chochote.

Leo baada ya alasiri nilikwenda kwa mkaza mjomba wako, Bi Zuhura. Sikutaka uwe wa kwanza kujua na yeye wa mwisho. Tumemfanya hivyo vya kutosha. Alikuwa uani anachambua mchele. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, mpaka ile skrubu. Hakuinua uso. Vidole vyake viliendelea kutafuta mawe kwenye ungo mpaka nikadhani hakunisikia.

"Miaka saba, shemeji," akasema. "Kila Idi mtoto huyu ananiletea mkate wa sinia. Naupokea mlangoni. Sijapata kumwambia pita ndani. Sijapata kumtazama machoni."

"Najua."

"Hujui. Ungalijua usingaliweza kuula ule mwingine anaokubakishia nyumbani."

Akauweka ungo chini. "Toka kwangu." Nilipofika mlangoni akaniita, si kwa jina. "We! Gari linakuja saa ngapi?" Nikamwambia saa kumi na moja. "Nitakuja kumuaga mwanangu. Wewe usinisalimie."

Kwa hiyo atakuja. Kaa naye. Mpe muda, hata gari likipiga honi.

Sina wasia, Mwanahawa. Mtu wa hali yangu akianza kuusia anakuwa kichekesho. Nitakwambia tu nilichokiona kwa macho: chombo kikianza kukutekenya, usivae ndara. Uliza umeme unatoka wapi. Hata ukiwa ugenini, hata wenye nyumba wakikucheka.

Sikwambii usiende, wala sikwambii uende. Haki ya kukwambia lolote kati ya hayo niliiacha ile siku ya ukumbini.

Desturi yetu ni kwamba mwana anayesafiri humwendea mzazi kabla hakujakucha, akaketi chini, akaomba radhi, na mzazi akamwekea mkono kichwani. Najua umepanga kufanya hivyo, maana nimeona umetenga leso nyeupe. Usifanye. Mkono huu hauna cha kukupa. Mwenye radhi ya kutoa katika nyumba hii ni wewe, na sikuombi, kwa sababu ukiombwa na baba yako utatoa, nami nimekwisha kuchukua vingi kwako kwa sababu ni baba yako.

Ningaliweza kuitia barua hii mkobani uisome angani, ukiwa mbali nami. Nilikusudia hivyo mpaka saa mbili zilizopita. Ungalikuwa ni uoga uleule. Kwa hiyo nitaipitisha chini ya pazia sasa hivi, taa yako ikiwa bado inawaka, ili uwe na saa kadhaa za kunijua kabla ya kuondoka.

Mimi nitakuwa nje barazani mpaka gari lifike. Ukitaka kunisema mbele ya watu, watu watakuwapo. Ukipita bila kunitazama sitakuita. Sanduku lako ni zito. Nitakubebea mpaka garini, kama utaniruhusu.

Baba yako